Fleti ya Mayatima Mikononi mwa Kampuni: Tuliyojifunza Baada ya Saini Kukauka

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Sala ya Ishaa, mama mmoja jirani wa msikiti wetu hapa Upanga, Dar es Salaam, alipotutumia kijana kutuomba tumsubiri katika ofisi ya kamati. Alikuja amefuatana na binti yake wa kidato cha pili, mkononi ana bahasha ya kaki. Baada ya kusalimiana na kumwombea rehema marehemu mumewe, alitoa karatasi moja akaiweka mezani.

"Wanangu," alisema, "nisomeeni hesabu hii. Mimi nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona wageni wamejaa na fedha hamna."

Mama huyo ametupa idhini ya kuandika habari hii kwa sharti kwamba asitajwe jina, na kampuni isitajwe pia, kwa kuwa lengo lake si kumfedhehesha mtu bali kuwaokoa wengine. Tumeona ukurasa huu wa familia ndio mahali pake, kwa sababu jambo lililomfika linawafika wengi. Majengo ya ghorofa yanaongezeka katika miji yetu, vijana wetu wako Muscat, Dubai na London, na kila mwenye fleti anaambiwa kwamba kupangisha kwa mwezi ni mambo ya kizamani. Siku hizi nyumba hupangishwa kwa usiku, na kampuni ndiyo itakayoshughulikia kila kitu.

Marehemu aliacha fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Warithi wake ni mjane, watoto wawili wa kiume waliokwisha kubaleghe na mabinti wawili walio wadogo. Mjane ndiye msimamizi wa mirathi, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Kwa kuwa nyumba haikuuzwa, warithi walikubaliana iendelee kuwa yao kwa pamoja, na kila kinachopatikana kigawanywe kwa mafungu ya Sharia. Mpangaji wa kwanza alikuwa mwalimu na familia yake, aliyekaa kwa utulivu miaka mitatu. Alipohama, kijana mkubwa, anayefanya kazi Muscat, alileta shauri la kampuni. Aliwaona katika simu, akazungumza nao, wakamtumia picha nzuri za fleti nyingine wanazozisimamia. Mama akaambiwa kwamba hatashika hata ufagio. Kazi yake itakuwa kupokea fedha kila mwisho wa mwezi.

Mwezi wa kwanza fedha zilikuja vizuri. Wa pili zikapungua. Wa tatu ndio huo wa bahasha. Karatasi ilionyesha kwamba fleti ililaliwa siku 19, lakini baada ya kamisheni, usafi, mashuka, "matangazo" na "matengenezo", kilichobaki hakikufika nusu ya kodi aliyokuwa akilipa yule mwalimu. Hapakuwa na risiti hata moja. Mama alipopiga simu kuuliza matengenezo gani, alijibiwa kwamba mfumo ndivyo ulivyotoa.

Hilo la fedha lilikuwa jepesi kuliko la pili. Jengo hilo lina ngazi moja, na majirani ni watu waliozoeana. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili aligongewa mlango saa saba za usiku na wageni waliokosea nyumba, mizigo begani. Chupa za pombe zilikutwa kwenye pipa la taka. Chama cha wamiliki wa jengo kilimwandikia mama barua ya onyo. Mjane ambaye hajawahi kusikiwa sauti yake na mtu wa baki akawa anasemwa kwenye ngazi kuwa ameigeuza nyumba ya marehemu kuwa gesti.

Hapa inatupasa tukiri kosa letu. Mkataba ule, wa kurasa 11 za Kiingereza, una saini za mashahidi wawili, na wote wawili ni watu wa kamati yetu. Tuliombwa tushuhudie, tukasoma ukurasa wa kwanza na ukurasa wa saini. Swali tuliloliuliza lilikuwa moja tu: je, mwenye kampuni ni Muislamu? Tulipoambiwa ni Muislamu, tukaridhika. Tuliuliza jina la mtu, tukaacha kuuliza masharti ya mkataba. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inashughulika na kuandika, kuandikiana kwa uadilifu na kushuhudia. Sisi tuliosomeshwa aya hiyo chuoni, siku ilipotufikia mlangoni, tuliipita.

Ni mkataba wa namna gani?

Tulipokaa na mkataba huo usiku mzima, jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba hakuna katika warithi aliyejua alichosaini ni kitu gani katika fiqhi. Kampuni hizi kwa kawaida hufanya kazi kwa njia mbili, na hukumu zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni kampuni kuikodi fleti kwako kwa kodi maalumu, kisha yenyewe ikaikodisha tena kwa wageni. Hii ni ijara. Kodi yako inajulikana, unalipwa nyumba ikiwa na mgeni au ikiwa tupu, na faida au hasara ya wageni ni yao. Mpangaji kumpangisha mwingine ni jambo ambalo wanazuoni wengi wamelijuzisha, maadamu matumizi hayazidi yale yaliyokubaliwa na mwenye mali ameridhia.

Njia ya pili ni uwakala. Fleti inabaki mikononi mwako, na kampuni inakutafutia wageni, inawapokea, inasafisha, inakusanya fedha kwa niaba yako na kuchukua ujira. Hapa wakala ni mwaminifu juu ya mali ya mwenzake. Hadhamini hasara isiyotokana naye, lakini akivuka mipaka aliyowekewa au akizembea, dhamana ni yake. Na kwa kuwa ni mwaminifu, kutoa hesabu ni wajibu wake, wala mwenye mali hatakiwi kuiomba kama msaada.

Katika uwakala huu kuna suala la asilimia. Kampuni nyingi hudai sehemu ya mapato, na robo au karibu na robo si jambo geni. Jamhuri ya wanazuoni wameshurutisha ujira uwe unajulikana, na asilimia ya kitu ambacho hakijapatikana ina ujahili ndani yake. Mahanbali wamelijuzisha kwa kulilinganisha na mtu anayempa mwenziwe mnyama akamfanyie kazi, kisha wakagawana kinachopatikana. Imamu Bukhari naye, katika kitabu cha Ijara cha Sahihi yake, ameweka mlango mahsusi wa ujira wa dalali, na humo akataja wanazuoni wa mwanzo ambao hawakuona ubaya katika ujira huo. Kwa hiyo mlango upo. Anayetaka kutoka katika hitilafu, na hasa pale palipo na mali ya yatima, ataona salama zaidi kuweka ujira wa fedha taslimu inayojulikana: kiasi fulani kwa kila mgeni anayepokelewa, au kiasi fulani kwa mwezi.

Mkataba wa mama ulichanganya njia zote mbili. Mazungumzo ya simu yalitaja "mapato ya uhakika", neno la ijara. Karatasi ilisema uwakala wa asilimia, ambao hauna uhakika wowote. Kijana wa Muscat alisikia la kwanza, mama akasaini la pili.

Hesabu iliyofichwa na neno "mapato"

Tuchukue mfano ili msomaji apime mwenyewe. Tuseme fleti inapangishwa kwa sh 120,000 kwa usiku, na katika mwezi imelaliwa siku 15. Mapato ni sh 1,800,000. Mwenye nyumba aliyezoea kodi ya sh 800,000 kwa mwezi akisikia hivyo, moyo humruka.

Sasa tutoe. Jukwaa la mtandaoni linalomleta mgeni tuseme linachukua asilimia 15, yaani sh 270,000. Kampuni inachukua asilimia 25 ya mapato yote, sh 450,000. Wageni sita wameingia na kutoka, na kila mmoja usafi na mashuka ni sh 25,000. Jumla sh 150,000. Umeme wa LUKU, maji, intaneti na king'amuzi, ambavyo mpangaji wa mwezi angejilipia, sh 200,000. Ada ya huduma za jengo, sh 70,000. Kinachobaki ni sh 660,000, kabla ya kodi ya serikali na kabla ya bomba kuvuja. Mpangaji wa mwezi, baada ya kutoa ada ya jengo, angeacha sh 730,000.

Tukifanya siku 22 badala ya 15, wageni wakawa tisa na matumizi ya umeme na maji yakapanda hadi sh 250,000, kinachobaki hufika sh 1,039,000. Basi si kweli kwamba biashara hii haina faida, wala si kweli kwamba faida yake imehakikishwa. Inategemea siku. Msimu wa Sabasaba na likizo za Disemba hutofautiana sana na masika ya Aprili na Mei, na anayeonyeshwa karatasi ya Julai aombe pia ya Mei.

Neno dogo katika mkataba nalo lina uzito. Asilimia 25 ya mapato yote ni sh 450,000. Asilimia 25 ya kinachobaki baada ya jukwaa kuchukua chake ni sh 382,500. Tofauti ni sh 67,500 kila mwezi, na imo ndani ya neno moja ambalo hatukulisoma.

Kisha ikumbukwe fedha hizo ni za nani. Katika mirathi hii mjane ana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Kati ya mafungu 48, mama ana 6, kila kijana 14, kila binti 7. Kila sh 960,000 safi, mama hupata 120,000, kijana 280,000 na binti 140,000. Hivyo kila risiti isiyokuwepo imekatwa pia katika ada ya shule ya yatima. Aya ya 10 ya Sura an-Nisaa imewatisha kwa moto wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Tulipomsomea kijana wa Muscat kwenye simu, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Masheikh, mimi nilitaka kumpumzisha mama tu." Hatuna shaka na nia yake. Lakini nia njema ya mrithi mmoja haimtoi mwingine haki yake ya kuulizwa.

Mgeni ni nani?

Familia nyingi hudhani zitasema "tunapokea familia tu" na jambo litakwisha. Ukweli ni kwamba majukwaa makubwa ya kimataifa yana kanuni zake. Airbnb, kwa mfano, inamkataza mwenyeji kumkataa mgeni kwa sababu ya dini yake au hali yake ya ndoa. Anayetangaza nyumba humo amekubali kanuni hiyo, na hawezi kumuuliza mgeni cheti cha ndoa kisha akamfungia mlango. Jukwaa hilohilo limepiga marufuku sherehe za fujo katika nyumba, na tangu Aprili 2024 limekataza kamera ndani ya nyumba hata kama mgeni amejulishwa. Sharti la kutovuta sigara au kutopiga muziki usiku mwenyeji anaweza kuliweka. La ndoa hawezi.

Wanazuoni wametofautisha baina ya anayempangisha mtu makazi kisha mtu huyo akaasi ndani kwa siri yake, na anayempangisha huku akijua kwamba nyumba inatafutwa kwa maasi. Wa kwanza hana dhambi ya mwenzake. Wa pili amesaidia katika dhambi, na hilo limekatazwa katika aya ya pili ya Sura al-Maida. Lakini mwenye nyumba aliyeletewa barua ya onyo na kuonyeshwa chupa hawezi tena kusema hajui. Mama alilielewa hili kabla yetu. Alisema, "Fedha kidogo nitavumilia. Hili la kuulizwa na Mola wangu siliwezi."

Na jirani ana haki. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo imewapa wamiliki wa fleti chombo cha pamoja na kanuni za jengo lao. Kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, mwenye fleti aulize kanuni hizo zinasemaje kuhusu wageni wa siku mbili tatu. Bibi wa ghorofa ya pili hakusaini mkataba wowote, lakini ndiye aliyeamshwa saa saba za usiku.

Kabla ya kutia saini

Tuliyoyapata kwa gharama tunayatoa bure. Mkataba uwe kwa lugha anayoisoma mwenye mali; ukiwa wa Kiingereza, ufasiriwe na usomwe wote mbele ya warithi. Utamke wazi ni ijara au ni uwakala. Ujira utajwe, na utajwe unakatwa kutoka katika nini. Matengenezo yanayozidi kiasi fulani yasifanywe bila idhini ya maandishi, na kila makato yawe na risiti.

Fedha za wageni ziingie katika akaunti ya mirathi au ya mwenye nyumba, kisha kampuni ilipwe ujira wake, wala isiwe kinyume chake. Tangazo, picha na maoni ya wageni yaandikwe ni mali ya nani mkataba ukivunjika. Mama alikuta kwamba vyote ni vya kampuni, na kwamba kujitoa kunahitaji notisi ya siku 60.

Orodha ya vyombo vilivyomo ndani, kuanzia godoro hadi kijiko, isainiwe na pande zote mbili. Vitu vya marehemu, miswada na picha za familia, viondolewe kabla mpiga picha hajaingia. Katika tangazo la fleti hii ilionekana Ayatul Kursiyu iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe, ukutani juu ya kitanda cha wageni. Ijulikane nani anashughulikia leseni na kodi za serikali, kwa kuwa anayedaiwa mwisho ni mwenye nyumba. Na bima au takafuli iulizwe mapema, kwani bima ya nyumba ya kuishi huenda isimfidie anayeifanyia biashara.

Zaka nayo isisahauliwe. Kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe, bali kinachobakia mkononi katika mapato yake kikifika nisabu na kutimiza mwaka.

Ilivyokwisha

Tulimwita mwakilishi wa kampuni, akaja, na tunamshukuru kwa hilo. Sehemu ya makato ilirudishwa. Sehemu nyingine, isiyo na risiti, haikurudishwa, na mama akaamua kuiacha kuliko kwenda mahakamani. Siku 60 za notisi zilimalizika. Warithi wakakutana sebuleni kwake, kijana mkubwa akiwa kwenye simu. Kijana mdogo alitaka mpangaji wa mwezi kama yule mwalimu. Mkubwa alitaka kampuni nyingine. Tuliwashauri kwamba rai ya mama, aliye msimamizi, na maslahi ya mabinti, wasioweza kujisemea, vitangulie.

Mama ndiye aliyeleta njia. Upanga ndiko iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kila siku wanafika watu kutoka mikoani, Zanzibar na Visiwa vya Komoro wakiwa na wagonjwa, na wengi hawana pa kulala kwa wiki mbili au tatu. Fleti sasa haimo katika jukwaa lolote kubwa. Inatangazwa misikitini na kwa watu wanaojuana, na dada mmoja mwenye kampuni ndogo ya usafi na mapokezi anaisimamia kwa ujira maalumu kwa kila mgeni. Bei ni ndogo kuliko ile ya tangazo la zamani. Anayeingia ni baba, mama na mgonjwa wao, na saa nne za usiku ngazi imetulia.

Hatutasema kwamba kila kitu kimenyooka. Mwezi wa Ramadhani fleti ilikaa tupu siku 17, na kijana mdogo hakusita kutukumbusha alichokuwa amesema. Wamekubaliana kuipima kwa mwaka mmoja. Ikishindwa kufikia kodi ya mwezi, atatafutwa mpangaji. Hesabu anaiandika yule binti wa kidato cha pili katika daftari la kaunta: tarehe, mgeni, kilichoingia, kilichotoka, na mafungu ya kila mrithi, likiwemo lake. Kila mwisho wa mwezi hulileta kwa kamati, na sisi hulisoma lote, ukurasa kwa ukurasa.

Nasi kamati tumejiwekea kanuni mpya. Yeyote anayetaka tushuhudie mkataba auache kwetu siku mbili. Asiyeweza kuuacha, tutamwomba radhi, na saini yetu hatutaitia.

Wabillahi Tawfiq.